Fundi wa Mlandege anayetushonea sare za unesi: maoni yangu baada ya miezi 14

Kila tukikabidhiana zamu hakosi mtu wa kunishika sare na kuniuliza, "Hii umeshonesha wapi?" Nimejibu kwa mdomo mpaka nimeona bora niandike mara moja, kila atakayeuliza nimtumie asome.

Mimi ni nesi, huu mwaka wa 11 nipo kazini hapa Unguja, ingawa kwetu ni Wete. Miaka ya mwanzo nilikuwa wodi ya wazazi, sasa nipo wodi ya watoto. Sare ninazozisema ni magauni mawili meupe, koti moja fupi na suruali yake, na shungi nne. Zote zimetoka mikononi mwa mama mmoja anayeshona ghorofani, ndani ya kichochoro cha Mlandege, nyuma ya maduka ya vitambaa. Hana bango wala ukurasa wa kujitangazia. Nguo zake nimezivaa asubuhi, jioni na usiku kwa miezi 14, na ninazifua kila nitokapo zamu. Kwa hivyo ninachokiandika hapa si sifa za nguo mpya iliyotoka kupigwa pasi.

Nianze na kilichonipeleka kwake.

Fundi wangu wa kabla, ambaye simtaji, alikuwa akishona nguo ya kupendeza macho. Ukilitundika gauni lake kwenye henga unaliona limekaa, kola imesimama, pindo limenyooka. Nikilivaa nikasimama mbele ya kioo, zuri. Usiku mmoja nikiwa bado wodi ya wazazi, kama saa tisa hivi, mama mmoja alijifungua na mtoto hakulia. Tulimkausha, tukamsugua mgongo, kimya. Mtoto wa namna hiyo ana dakika moja ya mwanzo, na ndani ya dakika hiyo anatakiwa awe ameanza kuvuta pumzi, mwenyewe au kwa kusaidiwa. Nikachukua ambu, ule mfuko wa kusukumia pumzi, nikainama juu ya meza nimuwekee barakoa puani na mdomoni, mikono yangu ikagoma kufika. Gauni lilinibana mgongoni, baina ya mabega, kama vile kuna mtu kanikamata kwa nyuma. Nikavuta kwa nguvu. Mshono wa kwapa la kulia ukatatuka mpaka ubavuni, na hapo ndipo mikono ilipofika. Nikampa pumzi, kiasi cha 40 kwa dakika, jicho langu lipo kifuani mwake nikiangalia kama kinanyanyuka. Kilinyanyuka. Baadaye akalia, na mama yake naye akalia.

Zamu niliimalizia na kanga niliyojifunga juu ya sare. Nilipofika nyumbani nilikaa kitandani na lile gauni mapajani, nautazama ule mshono. Sekunde nilizozipoteza nikishindana na nguo yangu mwenyewe ninazikumbuka mpaka leo.

Shoga yangu wa wodi ya upasuaji ndiye aliyenipeleka Mlandege. Unapanda ngazi nyembamba, unapiga hodi, unaingia chumba chenye cherahani mbili na overloki moja, na dirisha linaloangalia mapaa ya mabati. Vifungo amevitia kwenye makopo ya maziwa ya unga, kila saizi na kopo lake. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akaniuliza nataka nini. Nikamwambia gauni la kazi.

Nikasimama wima, mikono ubavuni, kama tunavyosimama kwa fundi yeyote. Akanipima kifua, kiuno, nyonga na urefu, akaandika kwenye daftari lake. Kisha akaitundika futi shingoni, akakaa kwenye kigoda.

"Haya, mwanangu. Hivyo ni vipimo vya kwendea harusini. Sasa nioneshe huko kazini unafanya nini."

Sikumwelewa. Nikabaki nimesimama.

"Unainama? Inama. Unanyanyua mikono? Nyanyua nikuone."

Nikanyanyua mikono juu kama ninatundika dripu. Akaja akapima kutoka pindo la nguo niliyovaa mpaka sakafuni, akaniambia nishushe mikono, akapima tena. Pindo lilikuwa limepanda inchi tatu na nusu. Akaandika. Nikachutama kama ninavyochutama mbele ya mama aliyekaa na mtoto mapajani, mimi nikiutafuta mshipa kwenye kile kimkono kidogo. Akazunguka nyuma yangu akapima kuanzia shingo hadi kiunoni. Akaniambia ninyooshe mikono mbele. Nikainyoosha kama usiku ule, kama nimeshika ambu, na nafikiri aliona uso wangu umebadilika maana hakuniharakisha. Mgongo wangu, bega hadi bega, nikisimama tu ni inchi 15. Mikono ikiwa mbele ni 17. Akanionesha futi kwa kidole.

"Hizi mbili ndizo zilizokuwa zikikuchania nguo."

Miaka yote hiyo nimeshonesha sare kwa mafundi wanne, na hakuna aliyeniuliza hata mmoja kazi yangu naifanyaje. Kwa hilo peke yake ningempa fundi huyu alama zote, hata kabla ya kuiona nguo.

Alichokifanya ni hiki. Mgongoni ametia marinda mawili, moja kila upande, yanayoanzia begani na kuishia chini kidogo ya kwapa. Nikisimama yamelala, huyaoni. Nikinyoosha mikono yanafunguka. Na kwapani ametia kikwapa, kile kipande cha pembe nne ambacho wazee wetu wanakijua kwenye kanzu. Kanzu ni nguo ya mtu anayerukuu na kusujudu katika swala tano za kila siku, kwa hivyo mafundi wa kanzu walilijua hili zamani. Fundi amekichukua kikwapa akakileta kwenye gauni la nesi, na mishono yake yote ya kwapa ameipitisha mara mbili. Miezi 14, dripu nimetundika, watoto nimenyanyua, vitanda nimesukuma, hakuna uzi uliokatika pale.

Kitambaa hauzi yeye. Unanunua mwenyewe maduka ya chini unampelekea, lakini anakwambia ununue kipi na usinunue kipi, na ushauri wake ni wa mtu anayejua. Mimi nilikuwa nimezoea tetroni nyepesi kwa sababu haikunjiki, asubuhi unapiga pasi, jioni bado ina mstari. Lakini tetroni nyepesi wakati wa kaskazi, mwezi wa pili na wa tatu, inakugandia mwilini mpaka unaona kama umevaa mfuko wa plastiki. Na nyeupe nyepesi inaonesha kila kitu ndani. Poplini ya pamba tupu inapitisha hewa vizuri ila inakunjika ukiitazama. Yeye alinambia nitafute mchanganyiko ulio mzito kidogo, na akanifundisha namna ya kuukagua: tia mkono wako ndani ya kitambaa, nenda nacho mlangoni kwenye jua, ukiona mstari wa pete yako kiache. Kisha kamata ncha, ikunje kwenye ngumi, hesabu mpaka 20, uachie, ikibaki imekunjika kiache pia. Nilinunua yadi nne kwa shilingi 8,000 yadi.

Kabla hajakata anakirowesha kitambaa usiku kucha, anakianika, anakipiga pasi, ndipo anatia chaki. Hili linampotezea siku moja na wateja wengi wananung'unika, lakini ndiyo sababu gauni langu halijapanda hata inchi tangu nilivae. Lile la fundi wa kabla lilipanda mpaka nikawa siwezi kuchutama kwa amani.

Sasa nije kwenye mikono ya nguo, kwa sababu hapa ndipo wengi wetu tunapoteseka na hatusemi.

Sisi tunafunika mikono, na hilo halina mjadala kwetu. Lakini kazi nayo ina haki yake. Kunawa kwa maji na sabuni inavyotakiwa ni sekunde 40 hadi 60, kusugua kwa dawa ya spiriti ni sekunde 20 hadi 30, na unafanya hivyo kabla ya kumgusa mgonjwa na baada ya kumgusa, mgonjwa baada ya mgonjwa. Mkono wa nguo ukifika kwenye kifundo utarowa tu. Ukirowa, unaubeba kutoka kitanda cha kwanza mpaka cha ishirini, na vilivyomo ndani ya ule umajimaji unavibeba pia. Uingereza mwaka 2007 wizara yao ya afya ilitoa mwongozo wa mavazi ya kazini, mikono iwe wazi kuanzia kiwikoni kwenda chini wakati wa kumhudumia mgonjwa. Mwaka 2010 wakaurekebisha: mwenye kufunika mikono kwa ajili ya dini yake anaweza, ila mkono wa nguo upandishwe na ushikizwe vizuri anaponawa na anapomhudumia mgonjwa, au avae mikono ya kutupa. Nilipousoma niliona kwamba hata huko mbali wameshalifikiria jambo letu, na kilichobaki ni fundi wa kulitekeleza.

Mikono ya kutupa mimi sijawahi kuipata. Kwa hivyo nilimweleza fundi shida yenyewe, nikanawa mbele yake kwenye ndoo yake ya maji, hatua kwa hatua, kiganja, mgongo wa mkono, baina ya vidole, dole gumba, kucha, kifundo. Akatazama mpaka mwisho. Alichonishonea ni mkono mpana kidogo chini, wenye upenyo na vifungo viwili, na ndani yake, juu ya kiwiko, ametia kitepe chenye tundu. Nikifika kwenye sinki ninafungua vifungo, ninaukunja mkono mara tatu, ninakitoa kile kitepe, ninakishikiza kwenye kifungo cha nje. Haushuki. Nikimaliza na mgonjwa nikatoka kwenda kwenye meza ya ripoti ninaushusha. Kuukunja na kuushikiza kunachukua muda mfupi kuliko kuvaa glavu. Kama kuna kitu kimoja tu utakwenda kukishonesha kwake, basi kiwe hiki.

Na shungi. Ushungi wa kufungwa kwa pini mimi niliuacha baada ya pini yangu kudondoka kitandani kwa mtoto wa miezi minane. Niliiona, niliiokota, haikumdhuru, lakini sikuivaa tena. Huyu fundi anashona ushungi wa kuvaa, una lastiki kwa nyuma, na mbele unaishia kwenye mtulinga, hauning'inii. Ukiinama kusafisha kidonda hauji ukagusa. Haya wengine nao wanashona. Ambacho sijakiona kwengine ni tundu la sikio. Tunaofunika masikio tunajua adha ya kupima presha kwa mashine ya mkono: unatia stetoskopu juu ya kitambaa, mdundo unausikia kwa mbali, au unaingiza vidole ndani ya ushungi ukiusukuma huku na huku mbele ya wagonjwa. Wodi ya wazazi hili si dogo. Mama mjamzito akifika 140 kwa 90 tunaanza kumtazama kwa jicho jengine, kwa kuogopa kifafa cha mimba, na baina ya 136 na 142 kinachotenganisha ni mdundo mmoja uliousikia au hukuusikia. Fundi amekata upenyo mdogo kila upande, akaufunika kwa kipande kinacholaliana juu yake kama mdomo wa bahasha. Sikio halionekani. Stetoskopu inaingia kwa chini, inakaa sikioni penyewe. Nilipolijaribu mara ya kwanza nilisikia mdundo ukianza na ukipotea wazi kabisa, nikarudia kwa mama yule yule mara ya pili kwa furaha tu, naye akaniuliza, "Nesi, kuna tatizo?" Nikamwambia hapana dada, presha yako nzuri.

Mifuko ni minne, na kila mmoja una kazi yake. Kifuani kushoto kalamu mbili, umegawiwa kwa mshono katikati ili zisilale. Kulia pajani kuna mfuko mkubwa wa daftari na plasta. Ndani yake kuna mwembamba wa mkasi, ncha ikiangalia chini, na chini ya ncha ametia kipande cha kitambaa kizito ili usitoboe. Kushoto tochi na vitu vya haraka. Mifuko ya pajani ameiingiza ndani ya mshono wa ubavuni, haikubandikwa juu, kwa sababu ile ya kubandika inanasa kwenye vyuma vya kitanda na kuchanika. Kifuani kulia ametia kitanzi cha kuning'iniza saa. Saa ya mkononi tunaivua kwa ajili ya kunawa, lakini bila ya saa huwezi kazi ya watoto. Mtoto wa kikohozi unamhesabia pumzi dakika nzima, sekunde 60 kamili, si nusu dakika ukazidisha mara mbili, kwa sababu mtoto hapumui kwa mpangilio. Wa miezi miwili hadi 11, pumzi 50 au zaidi kwa dakika ni za haraka, wa mwaka mmoja hadi mitano ni 40 au zaidi, na hapo unaanza kufikiria nimonia. Kitanzi kikiwa juu sana saa inakulalia shingoni, kikiwa chini inamgonga mtoto ukiinama. Fundi alinifanya niiname juu ya mto akatia alama ya chaki mahali saa ilipokaa bila ya kuugusa.

Kuhusu kufua, haya ni yangu mwenyewe, ila yanaihusu nguo. Damu ifue kwa maji ya baridi kwanza, maji ya moto yanaigandisha kwenye uzi na haitoki tena. Jiki itie kwa kiasi na usiiache nguo ilale humo, inakula lastiki ya shungi na kitambaa cheupe kinageuka rangi ya siagi. Fundi analijua hili, lastiki ya ushungi ameiachia tundu ili uibadilishe bila ya kufumua. Na kanji usitie. Mama yangu alinilea kwenye nguo zilizosimama kwa uji wa muhogo, na mwezi wa kwanza nikaitia sare yangu kanji kwa mapenzi. Siku hiyo hiyo tone la ayodini ya kusafishia vidonda likanirukia mkononi, na badala ya doa la kahawia nikapata doa la buluu iliyokoza, karibu na nyeusi. Ndivyo ayodini inavyofanya ikikutana na wanga. Nilisaga vidonge viwili vya vitamini C, nikavikoroga na maji kidogo, nikadondoshea juu, doa likafifia mbele ya macho yangu, nikafua likatoka. Kanji sikutia tena, na gauni halikuihitaji, kitambaa chenyewe kinasimama.

Sasa kasoro zake, maana zipo, na nyengine zimenikera.

Ahadi yake si ya kutegemea. Gauni la kwanza aliniahidi Alhamisi, nililipata Jumatano ya wiki ya pili, na siku mbili nilikwenda kazini na sare ya kuazima. Hakunipigia simu kunambia. Nilipanda zile ngazi mara tatu bure baada ya zamu ya usiku, macho yananiwasha kwa usingizi. Nilimwambia kwa adabu kwamba sisi muda wetu wa kupumzika ni mchache, akaniomba radhi, na tangu hapo ananitumia ujumbe. Lakini wewe mteja mpya usitarajie, mpe wiki mbili. Kumi la mwisho la Ramadhani hashiki sare kabisa, nguo za Idi zimemjaa mpaka mlangoni. Na ukimwendea mwisho wa Aprili unataka nguo ya 12 Mei, Siku ya Wauguzi Duniani, utawakuta wenzako wote wameshatangulia.

Suruali hajui. Nasema hivi nikiwa ninampenda. Koti lake fupi zuri kama magauni, lakini suruali nikichutama inashuka nyuma. Nimeirudisha mara mbili, akaipandisha kiuno, bado haijakaa. Mwenyewe alikiri na akanirudishia nusu ya ujira wa suruali bila ya kuombwa. Suruali sasa nashonesha kwengine.

Risiti hatoi. Unalipa nusu kwanza, anaandika kwenye daftari, basi. Mimi na wenzangu hatujapotezewa kitu, lakini fedha ni fedha, nilimwomba anikatie kikaratasi na sasa ananikatia. Wewe omba kuanzia siku ya kwanza. Ngazi zake ni za giza na hazina pa kushikia, mwenye mimba au mwenye goti asipande, asimame chini aite, kijana wake atashuka. Lakini kupimwa lazima upande.

Na kwa ndugu zangu wa Pemba: vipimo vya kuandikiwa kwenye simu havipokei. Shoga yangu aliyepo Chake alimtumia, akakataa, akasema mwili aliouona kwa namba hajauona. Walikubaliana kwamba atume gauni moja la zamani linalomkaa, pamoja na video akiwa anainama, anachutama na kunyoosha mikono. Gauni lilikuja na mtu kwenye boti kutoka Mkoani, jipya likarudi na boti baada ya wiki tatu. Limemkaa, ila mabega yamepwaya kidogo. Ukiweza kuja mwenyewe, njoo.

Bei nilizolipa mimi: ujira wa gauni shilingi 30,000, koti 28,000, ushungi wa kawaida 6,000 na wenye matundu ya masikio 8,000. Gauni moja pamoja na kitambaa limenigharimu 62,000. Najua madukani unapata la tayari kwa 45,000, nami nimeshawahi kulinunua. Lilianza kuachia mishono mwezi wa tano tangu nilivae, mifuko yake miwili tu, na mikono haikunjiki kupita kiwiko. Kwa nesi anayeanza kazi 62,000 si fedha ndogo, kwa hivyo ninamshauri aanze na gauni moja la fundi huyu pamoja na ushungi mmoja wenye matundu, na sare ya pili ainunue ya tayari, kisha aipeleke kwake atie vikwapa. Anatia kwa 5,000.

Nenda baada ya laasiri, ndipo anapokuwa na nafasi ya kukupima bila ya haraka. Nenda na viatu vyako vya kazini, saa yako, mkasi wako, na kila unachokitia mfukoni. Na akikwambia inama, inama kweli, usione haya.

Mimi Jumatatu nimempelekea kitambaa cha gauni la tatu. Nilimwambia kuna jambo moja tu nataka abadilishe: watoto wanaolia usiku ninawabeba nyongani upande wa kulia, na mguu wao unagonga kwenye mfuko wa mkasi. Hakuandika kitu. Alimwita mjukuu wake aliyekuwa akicheza kwenye ngazi, wa miaka miwili hivi, akaniambia nimbebe kama ninavyowabeba. Nikambeba. Akachukua chaki, akatia alama kwenye gauni langu pale kisigino cha mtoto kilipofika, kisha akanizungusha upande wa kushoto, akaanza kupima mfuko upya.